LAMI YA MIEZI MINNE
Sehemu ya Saba: Mkato Ulionyooka Mno

Msomaji, wiki nzima umemwacha Mkaguzi wa Barabara amepiga magoti katikati ya njia, begi la safari bado begani, kibali cha kukatia lami mkononi. Mnyanyue sasa, maana jua limechomoza na watu wanatazama. Saini iliyo chini ya kibali kile haikughushiwa.

Ni yake.

Alikisoma kwa mara ya nne. Sababu ya kukata: dharura, bomba la maji limepasuka. Ada: hakuna. Akachungulia mtaroni. Hapakuwa na bomba la maji, wala unyevu wa kulowesha kidole. Palikuwa na mpira mrefu wa rangi ya chungwa, ule wa kupitishia nyaya za mawasiliano, mpya unang'aa, umejilaza chini ya barabara yake kana kwamba umelipia pango.

"Bwana Kanuni!" aliita fundi viatu kutoka kibandani kwake ukingoni mwa njia. "Karibu nyumbani. Umesafiri siku nne tu, wamekupasulia mtoto!"

"Nani waliokata?"

"Mzee wangu, mimi natazama miguu, sitazami nyuso. Ilikuja miguu minane: buti jozi tatu, kandambili jozi moja. Kandambili ndiyo iliyofanya kazi."

"Na jina la mwenye kandambili?"

"Kandambili hazishonwi, mzee. Hakuwahi kuwa mteja wangu."

Watu wakacheka. Mkaguzi hakucheka.

Kwa aliyejiunga nasi leo, ajue kwamba kanuni ya kukata lami Mkaguzi aliitunga mwenyewe na kuipigania miaka saba. Akataye lami isiyotimiza mwaka hulipa jiji mara tano ya gharama ya kuiziba. Lami ikizeeka ada hupungua, hadi mwaka wa tano. Kabla barabara haijamwagwa, kampuni zote hupewa ilani ya siku tisini: mwenye bomba alilaze, mwenye waya aupitishe. Siku hizo zikiisha, asiyesikia hulipa. Anayesamehewa ni mmoja tu, mwenye bomba lililopasuka, kwa sababu maji yanayomwagika hayamngoji karani afungue ofisi.

Kampuni ya nyaya ilipewa ilani kama wenzake. Ililala siku zote tisini. Mkaguzi alishangaa wakati ule, akadhani ni uzembe.

Na vipi saini yake ikafika hapa? Mwaka jana bomba la hospitali lilipasuka yeye akiwa ukaguzini mbali. Wagonjwa walikaa siku nzima bila maji kwa kukosa mkono wake juu ya karatasi. Aliporudi alifanya jambo ambalo mtu mwenye msimamo hulifanya mara moja maishani, nalo humtosha kulijutia hadi mwisho. Alitia saini vibali vitatu vitupu, akavifungia nyumbani ndani ya kopo la biskuti, na ufunguo akamwachia mkewe. Waliojua walikuwa wanne: yeye, mkewe, mdogo wake aliyekuwa akilala pale kwake, na Mhandisi Mkuu wa jiji, ambaye ndiye aliyemshauri.

Mmoja kati ya hao wanne.

Ndipo alipoutazama mkato wenyewe.

Fundi wa kawaida hukata lami wima, huchimba, hufukia, huenda zake. Mvua ikinyesha mara mbili kiraka kinadidimia na magari yanaruka. Mkato huu ulikuwa na ngazi. Tabaka la juu lilikuwa limekatwa pana kuliko la chini kwa shubiri moja kila upande, ili kiraka kije kikae juu ya bega imara. Kingo zilinyooka kama zimepigwa rula. Kila mwisho palikuwa na tundu dogo la msumari, pale uzi ulipofungwa.

Katika jiji zima waliokata hivyo walikuwa wawili. Mmoja ni yeye mwenyewe, alipokuwa fundi kijana. Wa pili ni yule aliyemfundisha kwa mkono wake: mdogo wake wa tumbo moja, ambaye mafundi humwita Uzi, kwa kuwa hakati hata mkate bila kutandika uzi kwanza.

Mkaguzi alikaa juu ya kifusi. Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani.

Simu ikalia.

"Wa Chini," sauti laini ilisema, "uko wapi?"

Alikuwa Mhandisi Mkuu. Shuleni, katika bweni la kumi na mbili, wawili hawa walilala kitanda kimoja cha ghorofa: yule juu, huyu chini. Siku tisa za kwanza Wa Juu alilia kila taa zilipozimwa, na Wa Chini hakumwambia mtu. Tangu hapo waliitana hivyo wakiwa wawili tu. Jina hilo halikuwahi kutamkwa mbele ya mtu wa tatu. Waliapa kitoto, na kiapo hicho walikitunza hadi mvi zikawaota.

"Niko barabarani, Wa Juu. Nimeuona."

"Basi sikiliza. Kamati inakutana saa nane mchana. Wanataka mambo mawili: kukufukuza wewe, na kuifuta kanuni. Wanasema kama mtunzi wake ndiye anayeivunja, basi haina maana."

"Sikutoa kibali hiki."

"Najua. Kwa hiyo sema kiliibwa. Mtaje aliyekata, ni kibarua tu, ataonywa, yataisha. Utabaki na kazi yako na kanuni yako. Mengine niachie."

"Unamjua aliyekata?"

"Wa Chini, wewe ndiye unayejua kusoma mikato."

Mkaguzi alimkuta Uzi kwenye uwanja wa kukodisha mitambo, ameinama, anaosha mashine ya kukatia lami kwa brashi na maji kama mtu anayemwogesha farasi. Kandambili miguuni. Alipomwona kaka yake aliinuka, na uso wake wote ukawa meno.

"Kaka! Umerudi! Umeiona?"

"Nimeiona."

"Eh? Unasemaje? Ngazi zile! Mimi nilisema, akirudi atapiga magoti aziguse."

"Nilipiga magoti, mwizi wewe."

Meno yakajificha. Uzi alifuta mikono kwenye suruali, polepole.

"Umeniitaje?"

"Nilikupa chumba. Nilikupa ufunguo wa nyumba yangu. Ukaenda kwenye kopo langu ukanichukulia jina langu, ukaliuzia kampuni ya nyaya."

"Kopo gani?"

"Usinifanyie maigizo hapa."

"Kaka," Uzi alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "miaka kumi na moja nakuomba kazi ya jiji. Miaka kumi na moja unaniambia ndugu wa mkaguzi hapati kazi ya mkaguzi. Nikasema sawa, kaka ana msimamo wake. Nikakata nyua za watu, nikakata sakafu za magereji. Jumamosi shemeji akaniletea bahasha. Ndani kibali, chini saini yako. Nilikaa chini, kaka. Pale pale, kwenye ngazi ya mlango. Nikasema, leo amenikumbuka."

"Shemeji yako ndiye aliyekuletea?"

"Mkono kwa mkono. Akasema, 'Kaka yako anaona haya kukwambia mwenyewe, fanya kazi nzuri.' Basi nikafanya nzuri."

"Hukuuliza maji yako wapi?"

"Niliuliza! Wakaja watu watatu na gari lao, buti safi, wakasema bomba limeshafungwa huko juu, huu ni mpira wa kinga. Mimi kazi yangu kukata na kuchimba. Kulaza walilaza wao." Alimnyooshea kaka yake kidole. "Ningekuwa naiba, ningekata ngazi? Mwizi anakata wima anakimbia. Mimi nilitandika uzi mara tatu ili ukija usipate pa kunisahihisha."

Mkaguzi alikuwa amekuja kumshitaki aliyemsaliti, akamkuta mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimsaliti miaka yote hiyo.

"Mdogo wangu..."

"Usiniite hivyo sasa hivi." Uzi aligeuka, akauchukua uzi wake mwekundu uliokuwa chini, akaanza kuuzungusha kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa, duru juu ya duru, kama alivyofanya kila jioni ya maisha yake. "Nenda kwenye mkutano wako. Ukitaka kunitaja nitaje. Nimeshazoea kutokuwa ndugu yako saa za kazi."

Mkaguzi aliondoka na maneno hayo mgongoni. Nje ya lango alimpigia mkewe.

Mkewe ni karani wa masjala hospitalini, mwanamke mpole, mwenye mwandiko mzuri, asiyeweza kugusa karatasi bila kuiandikia tarehe. Hata chupa za viungo jikoni kwake zina tarehe. Miaka ishirini na mbili ya ndoa Mkaguzi hakumkuta na uongo hata mmoja.

"Ulimpelekea Uzi kibali?"

Alimsikia akivuta pumzi.

"Baba Watoto, nisamehe. Mhandisi Mkuu alifika nyumbani Ijumaa ukiwa safarini. Akasema bomba limepasuka. Nikampa kimoja, si ndivyo ulivyoniagiza? Akakijaza pale pale mezani, akanirudishia, akasema nimpelekee Uzi, mmeshakubaliana. Ningebishana na mkubwa wako?"

Wa Juu!

"Utakuja kuyasema haya mbele ya kamati?"

"Nitakuja. Saa nane. Nitasema kila kitu."

"Mungu akubariki, mke wangu."

"Wewe mtaje tu kwa jina," mkewe alisema. "Usiogope. Mtaje."

Ukumbi wa kamati una meza ndefu, viti saba vya wajumbe na kimoja cha mshitakiwa, na dirisha kubwa linalotazama barabara ya mbele ya ofisi za jiji, nayo pia mpya. Mwenyekiti alikuwa diwani wa makamo, mwanamke mfupi wa kimo na wa maneno. Mhandisi Mkuu alikaa kuliani kwake, bilauri ya maji mbele yake, mikono imepishana kwa adabu.

"Saini ni yako?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Bomba lilipasuka?"

"Halikupasuka."

"Basi dharura ilikuwa nini?" mjumbe mwenye miwani aliingilia. "Watu wamekosa video kwenye simu?"

Vicheko. Mkaguzi alisubiri viishe, kama alivyofundishwa kusubiri.

"Nilitia saini vibali vitupu. Hilo ni kosa langu na adhabu yake ninaipokea. Lakini sikukijaza mimi."

"Kiliibwa?" Mwenyekiti aliinua kalamu. "Mtaje mwizi, tumalize. Tumeambiwa aliyekata ni ndugu yako."

Mhandisi Mkuu alimwinamishia Mkaguzi kichwa, kidogo sana, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mlango ulio wazi. Neno moja lingetosha. Uzi. Na kazi ingebaki, na kanuni ya miaka saba ingebaki.

"Ndugu yangu hakuiba," alisema Mkaguzi. "Ndugu yangu alifanya kazi safi kuliko yeyote aliyewahi kulipwa na jiji hili. Aliyekijaza kibali ni Mhandisi Mkuu."

Bilauri ya Mhandisi Mkuu haikutikisika.

"Maneno mazito hayo," Mwenyekiti alisema. "Shahidi?"

"Mke wangu. Yuko nje."

Aliingia amevaa gauni la kazini, mkoba kifuani. Alikaa. Hakumtazama mumewe.

"Mama, Mhandisi Mkuu alifika nyumbani kwako Ijumaa?"

"Hapana."

Mkaguzi alidhani amesikia vibaya.

"Ni nani aliyekutuma kumpelekea shemeji yako kibali?"

"Mume wangu. Alinipigia simu kutoka safarini. Alisema ni wakati ndugu yake naye ale."

"Mke wangu!"

"Kaa chini!" Mwenyekiti aligonga meza.

Alikaa. Alihisi kama mtu anayetembea juu ya lami nzima, nayo chini imekwisha kuchimbwa. *Wewe mtaje tu kwa jina. Usiogope.* Alivutwa akatamke jina la mkubwa wake mbele ya wajumbe saba, mchana kweupe, bila shahidi. Sasa hakuwa mwizi tu. Alikuwa mwizi na mzushi.

"Mama, una hakika? Huyu mumeo atapoteza kazi."

"Nina hakika." Sauti yake ilianza kukimbia, kama ya mtu anayetaka kufika mwisho wa barua aliyoikariri. "Mimi sina ugomvi na mtu. Kama hamniamini mimi, muulizeni Wa Juu mwenyewe."

Mwandishi wa kikao aliinua kichwa. "Samahani, niandike nani?"

"Mhandisi Mkuu," mwanamke alisema haraka. "Nimesema Mhandisi Mkuu."

Wajumbe sita hawakuona kitu. Wa saba alikuwa anapiga miayo. Lakini Mkaguzi alikuwa amelisikia jina lile.

Bweni la kumi na mbili. Siku tisa za kilio. Jina ambalo yeye hakumwambia mama yake mzazi, hakumwambia mwanamke huyu siku ya harusi, hakumwambia katika miaka ishirini na mbili ya mto mmoja. Kulikuwa na kinywa kimoja tu kingine duniani kilichoweza kumnong'oneza jina lile. Na mwanamume hamsimulii mke wa mtu kilio chake cha utotoni juu ya kaunta ya masjala.

Alisimama. Safari hii hakuamrishwa kukaa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba neno lile liandikwe kama lilivyotamkwa. Wa Juu. Kisha naomba mke wangu aulizwe alifundishwa na nani, na wapi, na lini."

"Wa Juu ni nani?" Mwenyekiti aliuliza.

Mwanamke alimtazama Mhandisi Mkuu. Mhandisi Mkuu, kwa mara ya kwanza siku ile, aliutazama mlango.

Na mlango ukafunguka.

"Hodi, waheshimiwa. Samahani, nina vumbi." Alikuwa Uzi, kofia mkononi, kandambili zikipiga makofi sakafuni. "Mimi ndiye niliyekata."

"Nani amekuita?"

"Hakuna. Nilikuwa hapo nje namsikiliza shemeji. Nilikuja nisikie kaka akinitaja." Akamtazama kaka yake, akakwepesha macho. "Hakunitaja. Basi nami nimeona nisiondoke na bahasha."

"Bahasha ipi?"

"Ile kibali kilimokuja, Mheshimiwa. Karatasi ngumu nzuri, mimi situpi kitu. Nimeizungushia uzi wangu."

Akatoa mfukoni lile furushi jekundu.

"Ifungue," Mwenyekiti alisema.

"Ni mita thelathini, Mheshimiwa."

"Tutangoja."

Uzi akaanza kufungua. Duru moja, duru ya pili, uzi ukishuka sakafuni kwa utaratibu, maana hata pale hakukubali ujifunge. Mhandisi Mkuu alinyoosha mkono kwenye bilauri, akaikosa. Mwanamke alikuwa amefumba macho, midomo inahesabu kitu.

Duru ya mwisho ikadondoka. Mwenyekiti alivaa miwani, akaikunjua bahasha, akasoma kwa sauti ule mwandiko mzuri ambao Mkaguzi aliufahamu kutoka kwenye kila chupa ya viungo jikoni kwake:

"*Kwa Wa Juu. Vyote vitatu ulivyoniomba.*"

Na chini yake, kwa mazoea ya mkono usioweza kugusa karatasi bila hayo, tarehe.

Mkaguzi hakuhitaji kalenda. Ilikuwa siku ya pili ya ile ilani ya siku tisini. Vibali vilikwenda kwa Mhandisi Mkuu ndani ya bahasha ile, na kimoja kikarudi ndani yake hadi kwa Uzi. Ndiyo maana kampuni ya nyaya ililala usingizi mnono. Kuchimba mapema kwa nini, na vibali vya bure vimekwisha kufika? Lami ilikuwa na miezi minne. Usaliti ulikuwa na angalau miezi saba, na umri wake wa kweli waliujua mwanamke yule na Wa Juu peke yao.

"Vyote vitatu," Mwenyekiti alirudia taratibu. "Kimoja ni hiki hapa mezani. Viwili viko wapi?"

Jibu lilitoka nje. Chini ya dirisha, katika barabara mpya ya mbele ya ofisi za jiji, mtambo ulikohoa mara mbili, ukakamata, ukaanza kunguruma, na meno ya chuma yakaingia kwenye lami.

Uzi aliinamisha kichwa, akasikiliza kama daktari.

"Kaka," alisema, na lilikuwa neno la kwanza la undugu tangu asubuhi, "huyo anayekata hakutandika uzi."